Usukani Unacheza, Koni Inasingiziwa

Pikipiki ya Rubafu huumia kwenye vumbi, lakini maumivu yake hujionyesha kwenye lami. Katika kata hiyo, iliyo kaskazini mwa mji wa Bukoba kando ya Ziwa Victoria, dereva wa bodaboda huenda taratibu akikwepa mashimo, na Boxer yake yenye gunia la kahawa ya maganda au dagaa wa mwaloni haipati nafasi ya kulalamika. Aingie barabara kuu ya kwenda Muleba, mshale wa spidi uguse 50, ndipo usukani unapoanza kucheza na mikono kutetemeka hadi viwikoni.

Kijiweni jibu huwa tayari kabla pikipiki haijasimamishwa stendi: "Koni hizo, kaka. Kaza tu." Spana inatoka, nati ya usukani inakazwa, hela inalipwa, na kweli mchezo unapungua. Haupiti muda dereva anarudi. Hakuna sehemu ya pikipiki inayosingiziwa kama koni, yaani gololi na vikombe vinavyoshika shingo ya usukani, na kosa si la fundi peke yake, maana kukaza huleta nafuu ya haraka. Gololi zikibanwa, usukani unakuwa mzito, na uzito huo unaumeza mtetemo. Kilichouleta kinabaki palepale, na gololi zilizobanwa zinaanza kuchimba vikombe vyake.

Fundi makini hutanguliza swali: unacheza lini?

Swali hilo lina hesabu nyuma yake. Mwaka 1971 mhandisi Mwingereza Robin Sharp alichapisha uchambuzi uliotenganisha tabia mbili ambazo madereva huzichanganya. Ya kwanza ni usukani kutetemeka kwa haraka, kushoto na kulia, huku mwili wa pikipiki ukitulia kiasi. Mtetemo huo kwa kawaida hupiga kati ya mara 4 na 10 kwa sekunde. Ya pili ni pikipiki nzima kuyumba polepole, mbele na nyuma pamoja, mara mbili au tatu kwa sekunde. Ikiyumba hivyo, kushughulika na gurudumu la mbele peke yake ni kupoteza mchana.

Sasa tuchukue tairi la mbele la 2.75 kwenye rimu ya inchi 17, saizi inayofungwa kwenye bodaboda nyingi. Mzunguko wake mmoja ni kama mita 1.8. Kwa kilomita 40 kwa saa linazunguka karibu mara 6 kwa sekunde. Kwa 60, zaidi ya mara 9. Kwa hiyo rimu iliyopinda au tairi lililokaa upande linausukuma usukani mara moja kila mzunguko, kwa mwendo uleule ambao usukani wenyewe unapenda kutetemeka. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anaporudi: nguvu ndogo, mruko mkubwa. Chini ya 30 au juu ya 70 msukumo upo vilevile, ila haugongi wakati wake, na dereva huapa kwamba "ikikolea inatulia". Kauli hiyo peke yake inatosha kumpeleka fundi kwenye gurudumu kabla ya kugusa nati yoyote.

Kugundua kasoro ya gurudumu hakuhitaji mashine. Kreti la soda linawekwa chini ya injini, gurudumu la mbele linaning'inia. Kipande cha waya kinafungwa kwenye mguu wa shokapu, ncha yake ikikaribia ukingo wa rimu, kisha gurudumu linazungushwa kwa kidole. Nafasi kati ya ncha na rimu ikipanuka na kubana kwa zaidi ya milimita 2, spoki zirekebishwe. Halafu jicho lihamie kwenye shavu la tairi. Karibu na rimu kuna mstari mwembamba unaolizunguka tairi lote. Sehemu moja ukizama ndani ya rimu na nyingine ukionekana wazi, tairi halikukaa sawa. Hili hutokea sana baada ya kuziba pancha njiani na kujaza upepo kwa pampu ya mkono. Dawa ni kutoa upepo, kupaka maji ya sabuni na kujaza upya, kazi isiyodai spea hata moja.

Gurudumu likiwa bado juu, lishikwe juu na chini litikiswe. Likicheza lenyewe bila shokapu kusogea, ni beringi za gurudumu. Ukanda wa Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sili iliyochoka huingiza maji yanayoifukuza grisi.

Hapo ndipo zamu ya koni inafika. Miguu ya shokapu inavutwa mbele na nyuma: ikigonga "kodo", koni imelegea kweli. Kisha usukani unageuzwa kwa vidole viwili. Ukisita katikati, kama unaoingia kwenye kishimo, gololi zimeshachimba vikombe na hakuna kukaza kutakakosaidia; seti nzima ibadilishwe. Usukani mzima ukisogezwa kidogo kutoka katikati huanguka wenyewe hadi mwisho wa kona.

Nyuma nako kuna makosa yanayojitokeza mbele. Keria iliyorefushwa ili ibebe mikungu mitatu ya ndizi huweka mzigo nyuma ya ekseli, na gurudumu la mbele linapungukiwa uzito wa kulituliza. Bushi za mkono wa nyuma zikiisha, au mnyororo ukikazwa upande mmoja zaidi ya mwingine, magurudumu hayafuatani. Uzi mrefu uliovutwa ukigusa ubavu wa tairi la nyuma hadi la mbele unatosha kuonyesha hilo.

Pikipiki iliyowahi kuanguka ina hatua moja zaidi. Mabomba ya shokapu yanachomolewa na kuviringishwa juu ya kioo cha dirisha. Bomba lililopinda huacha mwanga upite chini yake. Baada ya hapo inajaribiwa mara mbili kwenye kipande kilekile cha lami, kwanza tupu, kisha na mzigo wa kawaida. Ikitulia tupu na kucheza ikiwa na mzigo, fundi anairudia keria.