Keynes na mpaka wetu
Nimemaliza kitabu cha Keynes cha 1919 kuhusu amani ya Paris. Jamaa anajua hesabu: makaa ya mawe, meli, deni ambalo Ujerumani isingeweza kulipa. Hapo simpingi. Ila kwetu anapita mbio. Makoloni kwake ni mali aliyonyang'anywa Mjerumani, basi. Na watu je? Mwaka huohuo Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kugawana Afrika Mashariki ya Kijerumani: Tanganyika huku, Ruanda-Urundi kule. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo hawakuulizwa. Mpaka uliotoka hapo ndio tuliouvuka sisi Warundi kuja Kigoma, tukaitwa wakimbizi. Mwandishi aliyepata kurasa za kuhesabu tani za makaa angepata hata moja ya wapagazi.