Thamani ya Taarifa Zisizovutia: Uhakiki wa Mada za Utafiti katika Jarida la Sayansi za Dawa la Afrika Mashariki na Kati

Jarida la Sayansi za Dawa la Afrika Mashariki na Kati, ambalo huchapishwa kwa Kiingereza, lilitoa juzuu lake la kwanza mwaka 1998. Mwaka huohuo Kenya iliiondoa klorokwini katika nafasi ya dawa ya kwanza ya malaria na kuweka mahali pake mchanganyiko wa salfadoksini na pirimethamini. Tanzania ilifuata mwaka 2001. Haikupita miaka kumi, nchi zote mbili zikahamia tena kwenye dawa mseto yenye artemetha na lumefantrini. Kwa hiyo jarida hili lilizaliwa katika kipindi ambacho sera ya dawa ilikuwa ikibadilika mbele ya macho ya watafiti. Ni haki kuliuliza liliona nini, na ni kitu gani liliwaachia wengine wakione.

Wanaohakiki majarida ya sayansi wamezoea kuhesabu: makala mangapi yanahusu mimea, mangapi kemia ya uchunguzi, mangapi matumizi ya dawa hospitalini, na kila moja limenukuliwa mara ngapi. Hesabu hiyo ina kazi yake. Lakini haimwambii mshauri wa sera ni kundi lipi la makala ambalo, kama lisingeandikwa, taarifa zake zisingepatikana kwingine.

Mada ya mimea ya dawa ndiyo inayojulikana zaidi katika majarida ya famasia ya ukanda huu, na mtindo wake hautofautiani sana kutoka makala moja hadi nyingine. Majani au magome hukaushwa, husagwa, hulowekwa katika methanoli, kisha dondoo lake huwekwa juu ya sahani ya agari iliyopandwa bakteria. Mtafiti hupima kwa milimita upana wa duara ambamo bakteria hawakuota, na hitimisho huwa kwamba matumizi ya mmea huo katika tiba asilia yamethibitishwa. Hapo ndipo penye udhaifu. Karibu kila mmea utaua bakteria ukitumiwa kwa kiasi kikubwa cha kutosha, na ndiyo maana mwaka 2005 Ríos na Recio, katika jarida la kimataifa la famakolojia ya tiba asilia, walishauri kwamba majaribio ya dondoo kwa kiwango kinachozidi miligramu 1 kwa mililita yaepukwe. Duara la milimita 14 haliwezi kumwambia msomaji kama dawa itafyonzwa tumboni au itadhuru ini, wala kama itabaki katika damu kwa muda wa kutosha. Mwarobaini ulipewa jina lake kwa sifa ya kutibu maradhi arobaini, na hakuna aliyehitaji sahani ya agari ili kuukuza zaidi.

Hii haina maana kwamba utafiti wa mimea haufai. Artemisinini yenyewe ilitokana na mmea, na Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Tofauti ni kwamba kazi yake haikuishia kwenye jaribio la kwanza. Ilibadili namna ya kukamua dawa, ikatenga kiambato hai, ikaenda kwa wanyama kisha kwa binadamu. Makala yanayosimama kwenye hatua ya kwanza, kisha yakahamia mmea mwingine ili kuanza upya, hujaza juzuu bila kuisogeza dawa yoyote karibu na mgonjwa.

Katika kurasa za jarida hilohilo kuna mfululizo wa taarifa ambao huenda msomaji wa haraka akaupita. Ni taarifa za Kitengo cha Uchunguzi na Utafiti wa Dawa cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kijulikanacho kwa kifupi kama DARU. Taarifa ya miaka 1991 hadi 1995 ilitoka mwaka 1999. Ya 1996 hadi 2000 ilitoka 2002. Ya 2001 hadi 2005 ilitoka 2008. Na ya 2006 hadi 2010 ilitoka 2013. Kabla ya jarida hili kuwapo, kitengo hicho kilikuwa kimeripoti kazi yake ya 1983 hadi 1986 katika jarida la tiba la Afrika Mashariki. Taarifa hizi hazina nadharia mpya. Zinaeleza sampuli zilizopokelewa, aina za dawa, zilizotengenezwa nchini na zilizoagizwa kutoka nje, zilizofaulu vipimo na zilizoshindwa, na zilishindwa kwa kipimo gani.

Uzito wa mfululizo huu unaonekana mtu akikumbuka kazi ya kipimo cha kuyeyuka. Kidonge kinaweza kuwa na kiasi kamili cha kiambato hai na bado kikapita mwilini bila kuyeyuka inavyotakiwa; salfadoksini na pirimethamini ni mfano unaojulikana. Mgonjwa akimeza dozi yote na homa ikarudi, mganga wa zahanati hana namna ya kujua kama vimelea vimekuwa sugu au kama kidonge ndicho kilichokuwa duni. Akihisi ni usugu, ataandika usugu. Tena, dawa inayoingia katika damu kwa kiasi kidogo huvipa vimelea nafasi ya kuizoea, hivyo kosa la kiwandani linaweza kuishia kuwa usugu wa kweli. Nchi inayobadili dawa bila kumbukumbu ya ubora wa vidonge vyake inabadili sera huku nusu ya ushahidi ikiwa gizani.

Hata hivyo, taarifa hizo zinahitaji kusomwa kwa tahadhari kuliko zinavyonukuliwa. Sampuli zake ni zile zilizopelekwa maabara na mamlaka za udhibiti, viwanda, hospitali na wateja wengine. Mwenye kiwanda anayetaka cheti huchagua kidonge kizuri; mkaguzi hupeleka kile anachokitilia shaka. Mwelekeo mmoja hupunguza idadi ya walioshindwa na mwingine huiongeza, wala hakuna anayeweza kusema kwa hakika upi umeushinda mwenzake. Asilimia inayopatikana hapo ni ya maabara, si ya soko, na mshauri anayeinukuu kana kwamba ni ya maduka yote ya dawa anaibebesha mzigo usio wake. Kuna pia suala la muda. Sampuli iliyopimwa mwanzoni mwa 1991 ilisubiri takriban miaka minane kuingia katika taarifa iliyochapishwa. Dawa nyingi za vidonge huisha muda wake kabla ya hapo. Jedwali fupi la kila mwaka, hata la ukurasa mmoja, lingemfaa mdhibiti kuliko taarifa kamili inayofika wakati shehena imekwishatumika.

Tafiti zilizolijibu swali la soko moja kwa moja zilikwenda kwingine. Uchunguzi wa vidonge vya amodiakwini na vya salfadoksini na pirimethamini kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam ulichapishwa mwaka 2003 katika jarida la Uingereza. Uchunguzi wa dawa hizohizo katika maduka ya rejareja ya Kenya ulichapishwa mwaka 2005 katika jarida hilohilo la Uingereza. Watafiti hawastahili lawama: anayetafuta kupandishwa cheo hupeleka kazi yake bora mahali inapohesabiwa zaidi. Lakini matokeo yake ni kwamba takwimu za maabara zilibaki Nairobi na takwimu za maduka zikavuka bahari, ilhali kila moja inahitaji nyingine ili isomwe vizuri.

Mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ulizinduliwa Arusha mwezi Machi 2012. Kwa mpango kama huo, mfululizo wa DARU ungekuwa kielelezo tayari: maabara za Kampala, Kigali, Bujumbura na Dar es Salaam zikitoa taarifa kwa muundo mmoja, huku asili ya kila sampuli ikitajwa wazi, yaani kama ililetwa na kiwanda, ilikamatwa na mkaguzi au ilinunuliwa dukani kwa bahati nasibu. Wahariri wana uwezo wa kudai safu hiyo moja katika jedwali bila kusubiri fedha za mfadhili yeyote.

Wana uwezo pia wa kudai ikisiri ya Kiswahili. Nchini Tanzania, Maduka ya Dawa Muhimu yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 huhudumiwa na watoa dawa waliofunzwa kwa Kiswahili, na wao ndio wa kwanza kusikia mteja akilalamika kwamba dawa haikumsaidia. Taarifa inayosema ni aina gani ya kidonge iliyoshindwa kuyeyuka, ikiandikwa kwa aya moja wanayoweza kuisoma, ingewafanya waandike namba ya toleo la dawa hiyo kabla ya kumpa mteja huyo pakiti nyingine ileile.