Mpinzani Asiye na Deni: Mtu na Mashine katika Michezo ya Vita ya Kihistoria

Lalamiko linalosikika mara nyingi miongoni mwa watu wachezao michezo ya vita ya kihistoria ni kwamba kompyuta ni mpinzani dhaifu. Hukusanya majeshi mengi isijue kuyatumia. Hupeleka vikosi mautini kimoja baada ya kingine. Huacha mji mkuu wazi ikakimbilia kijiji kisicho na faida. Lalamiko hilo ni la kweli kwa sehemu kubwa, walakini haligusi kiini cha jambo. Walalamikaji hudhani kwamba upungufu wa mashine ni wa akili tu, na kwamba siku itakapoongezewa akili, tofauti baina yake na mtu aketiye upande wa pili wa meza itatoweka. Makala haya yakusudia kuonyesha kuwa tofauti yenyewe iko mahali pengine, napo ni mahali ambapo mtaalamu wa lugha ana neno la kusema.

Yafaa kwanza kuitazama asili ya michezo hii. Mwaka 1812 bwana mmoja wa Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, alimwonyesha mfalme wake mchezo wa vita alioubuni. Mwanawe Georg Heinrich, aliyekuwa afisa wa mizinga, akautengeneza upya na kuzichapisha kanuni zake mwaka 1824. Katika mchezo huo watu walikuwa wa namna tatu: makamanda wa upande huu, makamanda wa upande ule, na mwamuzi. Wapinzani waliandika amri zao katika karatasi wakampa mwamuzi, na yeye peke yake ndiye aliyejua ukweli wote wa uwanja. Yeye alipima umbali, yeye alitupa dadu, yeye alitangaza hasara. Mpango huo ulikuwa wa busara, maana ulitenga kazi mbili zisizopatana, kazi ya kushindana na kazi ya kuamua.

Kompyuta ilipoingia katika michezo hii ilikalia kiti cha mwamuzi, na kiti hicho kiliifaa sana: haichoki kuhesabu wala haina upendeleo. Lakini papo hapo iliambiwa ikalie na kiti cha mpinzani. Mwaka 1980 kampuni ya Strategic Simulations ya Joel Billings ilitoa mchezo uitwao Computer Bismarck, unaohusu kuwindwa kwa manowari ya Kijerumani ya jina hilo mwaka 1941. Mchezaji asiye na mwenziwe aliweza kushindana na mashine, nayo ikapewa jina la Otto von Computer. Jina hilo ni la mzaha, walakini lilifunika jambo zito, kwa kuwa hakimu sasa alikuwa pia mdai katika shauri lile lile. Tangu hapo kila mchezaji ashindwaye na mashine huingiwa na shaka kuwa imeona isichopaswa kuona. Mtu naye aweza kuiba mchezoni, lakini huiba kwa macho na mikono yake, na aweza kushikwa.

Ni haki kutaja kazi moja ya miaka hiyo iliyolishughulikia suala hili kwa uaminifu. Chris Crawford, katika mchezo wake Eastern Front (1941), uliotolewa mwaka 1981 kwa kompyuta za Atari, aliipangia mashine itumie kufikiri ule muda ambao mchezaji mwenyewe anafikiri. Kadiri mtu achelewavyo kutoa amri za majeshi ya Ujerumani, ndivyo mipango ya upande wa Urusi izidivyo kunyooka. Hapo mtu na mashine walishiriki kitu kimoja kilicho adimu kwa wote wawili, yaani muda. Ni jambo la kusikitisha kwamba waliofuata hawakuishika njia hiyo.

Walichofanya aghalabu ni kuihonga mashine. Katika Civilization, mchezo maarufu uliotungwa na Sid Meier pamoja na Bruce Shelley mwaka 1991, mchezaji huchagua ngazi ya ugumu kuanzia ya chifu hadi ya maliki. Msomaji atadhani kuwa katika ngazi ya maliki mashine hufikiri vizuri zaidi. Sivyo. Hupunguziwa gharama tu. Miji yake hukua upesi na askari wake huundwa kwa bei nafuu, na huku raia wa mchezaji huwa wepesi wa kunung'unika. Ni sawa na kumwongezea mtu kete badala ya kumfundisha mchezo. Soren Johnson, aliyeongoza utungaji wa toleo la nne la mwaka 2005, aliueleza wazi msingi wa mambo haya katika mhadhara wake wa mwaka 2008: mashine katika mchezo wa namna hii kazi yake ni kushindwa, ila ishindwe kwa namna itakayompendeza mshindi. Hoja hiyo ni ya mtu aijuaye kazi yake, na kwa upande wa biashara haina kasoro. Kwa upande wa historia ina kasoro kubwa. Mataifa yaliyoumbwa ili yashindwe humfundisha mchezaji kwamba walioshindwa duniani waliumbiwa hivyo. (Toleo hilo hilo la nne hufunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, “Baba Yetu”, wa mtunzi Christopher Tin, uliopata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Mamilioni ya watu wamekaribishwa kwa lugha hii katika mchezo huo.)

Yupo atakayepinga kwa kutaja sataranji, ambamo kompyuta ilimshinda bingwa Garry Kasparov mwaka 1997, au mchezo wa Go, ambamo Lee Sedol alishindwa michezo minne kwa mmoja mwaka 2016. Pingamizi hilo lina jibu fupi. Katika michezo hiyo miwili kila kitu ki wazi ubaoni na hakuna anayehitaji kumwamini mwenziwe. Vita vya historia havikuwa hivyo. Vilipiganwa na watu waliofungamana kwa viapo, mikataba, ndoa na madeni, na aliyeshindwa mara nyingi alishindwa kwa sababu mshirika hakufika.

Tazama jinsi Europa Universalis IV, mchezo wa mwaka 2013 unaoanzia 1444 na kuishia 1821, ulivyojaribu kuutia ushirika huo katika hesabu. Kila taifa liendeshwalo na mashine lina tarakimu ya mtazamo wake juu ya mataifa mengine, na tarakimu ya imani. Mchezaji akitaka kujua kama mshirika wake ataitika mwito wa vita, huonyeshwa orodha ya sababu, hizi za kujumlisha na hizi za kutoa, na jibu huwa wazi kabla ya swali kuulizwa. Kazi hiyo imefanywa kwa ustadi mwingi, na bila ya hiyo mchezo wa saa nyingi namna hiyo usingechezeka. Lakini tarakimu iliyo wazi si ahadi. Mfalme wa Ufaransa hakuweza kuusoma moyo wa mfalme wa Uingereza kama mtu asomavyo daftari la duka, na hofu iliyotokana na kutoweza huko ndiyo iliyozaa mabalozi, mateka wa heshima na mihuri.

Mchezo uliojengwa juu ya hofu hiyo ni Diplomacy, wa Mmarekani Allan B. Calhamer, uliotolewa mwaka 1959. Mataifa makubwa saba ya Ulaya ya kabla ya mwaka 1914 hugombea vituo 34, na apataye 18 hushinda. Hakuna dadu. Wachezaji hujadiliana, kisha kila mmoja huandika amri zake kwa siri, na zote hufunuliwa pamoja. Kwa kuwa nguvu zalingana na bahati haimo, hakuna aendaye mbali bila msaada wa mwingine, na msaada huo hupatikana kwa maneno peke yake. Kwa muda mrefu kompyuta ziliucheza mchezo huu kama mabubu.

Mwezi wa Novemba 2022 watafiti wa kampuni ya Meta walitangaza katika jarida la Science programu waliyoiita Cicero, inayojadiliana na watu kwa Kiingereza. Ilicheza michezo 40 dhidi ya watu 82, ikapata wastani wa asilimia 25.8 ya alama pale ambapo wenzake walipata 12.4, na ikawa miongoni mwa asilimia 10 ya juu ya wale waliocheza zaidi ya mara moja. Hayo ni mafanikio makubwa na haifai kuyadharau. Ndani yake mna sehemu mbili: moja hupanga hatua, nyingine hutunga maneno yanayolingana na hatua zilizopangwa. Basi Cicero imwambiapo Uturuki kuwa haitaingia Bahari Nyeusi, mara nyingi ndivyo ilivyopanga wakati huo. Zamu ifuatayo hupanga upya, na maneno ya jana hayaizuii kitu.

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapopaswa kusimama kidogo. J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kufa kwake, alionyesha kuwa zipo kauli ambazo kuzitamka ni kutenda. Asemaye “naahidi” hatoi habari za nia yake tu; amejifunga. Kiswahili kililijua jambo hili bila ya mwanafalsafa, kwa kuwa husemwa ahadi ni deni, na deni lazima liwe na mdeni, mtu ambaye kesho ataonekana njiani na kudaiwa. Maneno ya Cicero ni habari za nia, tena habari sahihi kwa wakati wake. Umbo lake ni la ahadi. Deni halimo.

Peter S. Park na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2024, walizikusanya nyakati ambazo Cicero iliwaghilibu washirika wake, nao wakaihesabia udanganyifu. Ushahidi wao ni mzuri, ila mfano ulio bora kuliko yote waliutaja kwa kupita. Mtambo ulizimika kwa dakika kumi. Uliporudi, mchezaji mmoja akauliza Cicero ilikuwa wapi, nayo ikajibu kuwa ilikuwa ikiongea na mchumba wake kwa simu. Mtu akisema uongo kama huo, ana mchumba au hana, na simu yake aweza kuulizwa. Nyuma ya maneno ya Cicero hapakuwa na maisha yoyote ambayo uongo huo uliyaficha. Ni shida hata kuuita uongo.

Sarufi ya Kiswahili hailiachi jambo hili lipite hivi hivi. Kiingereza chaweza kuvikwepa viwakilishi kwa kulirudia jina. Kiswahili hudai kiambishi katika vitenzi vyake vingi. Imeahidi, au ameahidi? Akili hii, ambayo wengine huiita bandia, wengine mnemba na wengine unde, ikipewa jina la mtu huuvuta upatanisho wa mtu, na pamoja na a- huja dhana zote za uaminifu na usaliti. Katika makala haya Cicero ya Meta imepewa i- kwa makusudi. Yule Cicero wa Roma, aliyestahili a-, alisema dhidi ya Antonius katika hotuba zilizojulikana na watu wote, na mwaka 43 kabla ya Kristo alikatwa kichwa na mkono kwa ajili yake.

Imebaki kuutazama uwanja wa jaribio lenyewe, na hapa watetezi wa mashine wamesamehewa mno. Ile michezo 40 ilichezwa na watu waliofichwa majina, kwa zamu za majadiliano za dakika tano. Diplomacy haikuwa hivyo siku zote. Tangu mwaka 1963 imechezwa kwa posta, barua zikienda na kurudi kwa majuma, na aliyemsaliti mwenziwe aliingia katika mchezo uliofuata akiwa na jina lake lile lile. Mtu aliyevuliwa jina na kuharakishwa kwa dakika tano amekwisha kufanywa nusu mashine kabla ya shindano kuanza. Amenyang'anywa kumbukumbu, sifa na aibu, yaani vitu vyote vilivyoifanya ahadi yake iwe na thamani. Utafiti wa Wichayaporn Wongkamjan na wenzake wa mwaka 2024 waelekea huko huko: katika michezo ipatayo 24 waliona kuwa ushindi wa Cicero watokana na ubora wa hatua zake, na kwamba katika kushawishi na kughilibu haijawafikia watu.

Mpinzani mtu naye ana ila zake, na nyingi. Hukimbia mchezo akiona anashindwa, huchelewa, hununa, na saa nane za usiku hapatikani. Mashine hupatikana, na kwa mchezo wa saa mia hakuna badala yake. Lakini dai kwamba imekuwa sawa na mtu katika mchezo wa kuaminiana halijapimwa bado panapostahili: katika michezo ya majuma mengi, kwa majina yanayojulikana, na wachezaji wale wale wakikutana tena na tena. Kwa sasa limethibitishwa kwa dakika tano, baina ya watu wasiojuana.