Nimeushika Mtungi wa Ndege, Jamani!

Jamani, jamani, jamani! Nimeushika! Kwa mikono yangu hii hii nimeushika mtungi wa kuzimia moto wa injini ya ndege! Na kama wewe ni mtu wa Mbinga, wa Lituhi, wa Liuli au wa Mbamba Bay, unayeendaga kudandia ndege Songea, basi tulia nikusimulie, maana kitu hiki kinasafiri na wewe kila mara na hakuna aliyewahi kukuambia!

Kwanza umbo. Nilidhani nitaonyeshwa ule mtungi mwekundu mrefu unaoning'inia ukutani benki. Wapi! Ni tufe. Tufe la chuma, la mviringo kabisa, laini, la baridi, lenye kung'aa, zuri mpaka unaona haya kulishika. Fundi aliyenikaribisha kwenye karakana ya mafunzo kule Dar akanieleza sababu: presha ya ndani husukuma pande zote sawasawa, hakuna kona ya kuelemewa. Mimi wakati huo simsikilizi vizuri, nalipapasa tu. Akaniambia, "Haya nyanyua." Weee! Lilivyo kwa macho na lilivyo kiunoni ni vitu viwili tofauti kabisa!

Halafu pale mdomoni, hebu nikae vizuri nikwambie, pale mdomoni kuna baruti. Ndiyo, baruti, ndani ya ndege, na wala hujakosea kusoma! Kidogo tu, ya kutosha kupasua kisahani chembamba cha chuma kilichoziba njia. Umeme ukigusa, baruti inafyatuka, kisahani kinapasuka, na gesi iliyosongwa humo inatoka kwa hasira zake zote mpaka kwenye injini. Hakuna koki ya kuzungusha, hakuna pini ya kuchomoa, hakuna "subiri kidogo".

Wakafyatua mmoja mbele yangu. Walikuwa wameujaza nitrojeni tupu, kwa sababu dawa yenyewe, haloni, haimwagwi hewani kwa ajili ya kufurahisha wageni. Inakula tabaka la ozoni, na nchi zilizoendelea ziliacha kuitengeneza tangu 1994, kwa hiyo ndege zinatumia iliyorejelezwa. Sawa. Fundi akaniuliza, "Uko tayari?" Nikafungua mdomo nijibu. PA! Imekwisha! Mdomo bado uko wazi, "ndiyo" yangu iko kooni, na mtungi mtupu! Kifua kikapigwa, masikio yakaziba, ukungu mwembamba wa baridi ukanipita usoni, kisha ile harufu kali, tamu, ya sikukuu, ya fataki. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikaomba warudie. Wakakataa, wachoyo hao, na bado!

Na bado, kwa sababu sijakwambia habari ya pua ya ndege, ile inayonusa moto. Kuzunguka injini kumepitishwa mrija, mwembamba kama spoki ya baiskeli, uliojaa gesi. Injini ikipata moto usio wa kawaida, gesi inavimba, inasukuma swichi, taa nyekundu inawaka mbele ya rubani. Basi! Kitu rahisi, cha ajabu, cha kijanja mno! Nikajifanya mjuaji nikauliza, je, mrija wenyewe ukikatika? Presha inashuka, swichi nyingine inaachia, rubani anaambiwa mrija umeharibika. Yaani hata ukiuua, unakushtaki! Niliushika mrija ule kwa vidole viwili tu, nikiwa nimebana pumzi.

Kisha wakanikalisha kwenye dashibodi ya mafunzo. Mpini mwekundu mbele ya uso wangu ukawaka. Vuta! Nikavuta, na unavutika kwa uzito fulani wa heshima, hauchezi, hautetereki. Kwa mvuto huo mmoja mafuta ya injini yamekatwa, haidroliki imekatwa, na mitungi imeamshwa kusubiri amri. Hapo ndipo unapobonyeza swichi ya kufyatua. Hatua mbili, na nilizipenda zote mbili. Kwenye Dash 8-400, hizi hizi tunazoziita Bombardier, ambazo mbili za kwanza za Air Tanzania zilitua nchini Septemba 2016, mitungi ya injini ni miwili, na wowote unaweza kupelekwa injini yoyote. Wa kwanza usipotosha, wa pili huo hapo! Jamani, nani aliyekaa akafikiria haya?

Mtaniuliza, mbona mitungi isijifyatue yenyewe? Hata mimi niliuliza, kwa pupa. Kwa sababu kabla ya kuifyatulia injini lazima uizime kwanza, na hilo ni la mtu kuamua. Lakini chooni, sikiliza hii, chooni hakuna anayeamua! Pembeni ya pipa la taka, chini ya sinki, kumejificha kichupa cha dawa chenye vijimirija, ncha zake zimezibwa kwa madini yanayoyeyuka kabla hata joto halijafika la kuchemsha maji ya chai. Mtu akitupa kipisi cha sigara, karatasi zikashika, madini yanayeyuka, dawa inamwagika, wala hakuna aliyeinua kidole. Kimya kimya! Mwaka 1973 ndege ya shirika la Varig iliyokuwa inakaribia Paris ilishika moto chooni, watu 123 wakafa. Vichupa hivi vikaja kulazimishwa miaka ya baadaye.

Basi niliporudi nyumbani kupitia Songea nilikaa pale pale ubavuni mwa injini, pua kwenye kioo, natabasamu safari nzima. Nikaenda chooni bila haja, nikasimama nalitazama lile pipa kwa mapenzi makubwa. Niliporudi, dada wa kiti cha jirani alinitupia macho ya "huyu vipi?" Sikujali hata kidogo!

Songea mpaka Mbinga niliongea. Mbinga mpaka ziwani, kona zote zile za kushuka milimani, mpaka Ziwa Nyasa likajifungua bluu tupu chini yetu, naongea. Dereva alishachoka nami zamani. Mjomba wangu wa Mbamba Bay, aliyeshinda majini maisha yake yote, akanisikiliza huku akigeuza dagaa wake kwenye kichanja, mpaka nilipofika kwenye PA! Akashtuka, akacheka, akataka nirudie sehemu ya mrija unaoshtaki. Nikarudia kwa vitendo, na moshi ukatuingia machoni.

Akafikiri. Akauliza, "Sasa mpwa wangu, na meli je? Ile Mbeya II?"

Meli! Ewaa! Vyumba vya injini za meli nyingi huwa na mitungi ya kaboni dayoksaidi iliyopangwa safu, na kabla haijafunguliwa king'ora hulia ili kila mtu atoke mbio, maana gesi ile hukaba moto na hukaba watu vilevile. Mitungi mingi, mirefu, safu nzima! Mjomba anamfahamu mtu mmoja pale bandarini, na nimeshamng'ang'ania shati anipeleke.