Katuni za Kale za Mashujaa kwa Anayepata Nafuu

Mtu aliyetoka juzi kwenye homa kali hana subira na ukurasa mbaya. Macho yanachoka upesi, kichwa bado kizito, riwaya nene inamshinda kabla ya sura ya pili. Kitabu cha katuni za mashujaa wa Marekani cha miaka ya 1960 kinamfaa: kurasa 32, chepesi hata kwa aliyelala chali, na kisa kinaisha kabla dawa haijamletea usingizi. Ila achague vizuri, maana ukongwe peke yake si ubora.

Wala bei si kipimo. Action Comics toleo la 1, la Juni 1938, alimozaliwa Superman, huuzwa mnadani kwa mamilioni ya dola. Kwa historia, halina mfano. Kwa kusomwa kitandani, kisa chake kinarukaruka, kwa sababu Jerry Siegel na Joe Shuster walikitunga kwa ajili ya magazeti, kisha michoro ikakatwa na kubandikwa upya ili itoshee kurasa za kitabu. Mwenye afya ataviunga vipande mwenyewe. Mgonjwa asitwishwe kazi hiyo.

Kipimo cha kwanza ni kuziba maneno. Msomaji afunike viputo vya mazungumzo kwa kiganja, kisha aupitie ukurasa kwa macho tu. Je, anajua nani yuko wapi na nini kimebadilika? Katika kampuni ya Marvel, mara nyingi mchoraji alianza na muhtasari mfupi tu, akachora kisa kizima, ndipo Stan Lee akaandika maneno baadaye. Picha zilipaswa kusimama zenyewe.

Hakuna zilikosimama imara kuliko The Amazing Spider-Man toleo la 33, la Februari 1966, lililochorwa na Steve Ditko. Shangazi May wa Peter Parker, kijana ambaye ndiye Spider-Man, yuko hospitalini, mahututi, damu yake imedhuriwa na mionzi iliyotokana na kuongezewa damu ya Peter mwenyewe. Dawa iko pale sakafuni, hatua chache tu, lakini Peter amebanwa chini ya mtambo mkubwa wa chuma na maji yanavuja kutoka juu. Ditko hana haraka. Anamwonyesha Peter akijaribu, akishindwa, akiinamisha kichwa, akijaribu tena. Visanduku vinambana kama chuma kinavyombana, kisha vinapanuka kadiri nguvu zinavyomrudia, hadi ukurasa mzima unajaa mtu mmoja anayeutupa mzigo mgongoni. Aliyewahi kuhangaika kuketi kitandani bila kushikwa mkono atazielewa kurasa hizi kwa mwili wake.

Baada ya mpangilio, wino. Jack Kirby, mchoraji mwingine wa Marvel, alichora kwa penseli, na mtu mwingine akapita juu kwa wino. Huyo wa pili aliweza kuijenga kazi au kuibomoa. Joe Sinnott, aliyeshika wino wa Fantastic Four tangu toleo la 44, aliheshimu kila mstari. Ukurasa wa kwanza wa toleo la 51, la Juni 1966, unatosha kuwa ushahidi: Ben Grimm, mtu aliyegeuka mwamba, amesimama peke yake mvuani. Kila gamba la jiwe lina ukingo wake na kivuli chake, na bado uso ule unaonyesha huzuni ya binadamu. Vince Colletta, katika Thor, alifanya kazi haraka na anajulikana kwa kufuta watu na majengo ambayo Kirby alikuwa ameyachora. Mandharinyuma ikiwa tupu tupu ukurasa baada ya ukurasa, msomaji ana haki ya kushuku.

Rangi zinahitaji uangalifu wa namna yake. Ziliteuliwa kwa karatasi duni ya gazeti, inayofyonza wino na kuupoza. Chapa nyingi mpya huzimwaga rangi zilezile kwenye karatasi nyeupe inayong'aa, zikawa kali kwa macho yaliyodhoofika. Kuna pia chapa nene zisizo na rangi, ambazo Marvel ilianza kuzitoa miaka ya 1990. Hizo huonyesha wino vizuri sana, lakini ni nzito kushika. Nakala halisi za zamani ni nzuri zikiwa kavu na safi. Zenye harufu ya ukungu zisimkaribie mwenye kifua kibovu.

Kwa siku za mwanzo, zichaguliwe hadithi fupi za Doctor Strange alizochora Ditko katika Strange Tales. Ya kwanza, toleo la 110 la Julai 1963, ina kurasa 5 tu. Strange ni daktari mpasuaji aliyeharibikiwa mikono katika ajali ya gari, na Ditko anaichora mikono hiyo kwa makini kuliko uso. Kisa cha jitu Galactus kingoje: matoleo ya 48 hadi 50 ya Fantastic Four yanataka kusomwa kwa mfululizo, mgonjwa akishaweza kuketi na kumaliza sahani yake ya chakula.