Namna ya Kuipima Filamu ya Carlos Velo

Wengi wakitaka kupima filamu ya hali halisi huuliza swali moja tu: je, kuna kilichoigizwa? Wakikiona, wanaipunguzia alama. Kipimo hicho kinamwonea Carlos Velo, na kinamnyima mtazamaji sehemu tamu kuliko zote katika kazi yake. Velo, aliyezaliwa Galicia, Hispania, mwaka 1909, alisomea biolojia kabla ya kushika kamera, na usomi huo umo katika Almadrabas (1934), aliyoitengeneza na Fernando Mantilla kuhusu jodari wanaonaswa kusini mwa Hispania kwa wando mkubwa wa nyavu. Angalia kila picha inakaa kwa muda gani: inakaa mpaka kazi ya mkono ieleweke, kisha inaondoka. Mpiga picha asiyeijua kazi anayoipiga hukata mapema mno, au hupoteza muda akipamba mawingu.

Jenerali Franco aliposhinda vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania mwaka 1939, Velo alikimbilia Mexico, na huko akaingia katika kibarua cha filamu za habari. Wapo wanaotafuta machozi ya mkimbizi katika kila picha yake; mimi siyaoni. Alichokipata uhamishoni ni mazoea ya kufanya kazi na picha zisizorudiwa, na mazoea hayo ndiyo yaliyozaa Torero (1956), filamu ya Luis Procuna, mpiganaji wa mafahali aliyejulikana kwa woga wake kama kwa ushujaa wake. Procuna anajiigiza mwenyewe: yuko nyumbani, anavaa, anangoja. Lakini uwanjani tunaona picha za habari zilizochukuliwa siku yenyewe. Basi kagua mshono. Velo ameigiza yale ambayo kamera haikuweza kuyafikia, yaani hofu ya faragha. Hatari ameiachia ijisemee. (Aliyewahi kuuona mchezo wa ng'ombe kule Pemba anajua kwamba fahali haambiwi arudie.) Jiulize, basi: kilichoigizwa kinakuandaa kukiona kisichoigizika, au kinataka kukalia kiti chake?

Kuna anayepinga kwamba mtazamaji haonyeshwi mshono ulipo, na kwamba sauti ya msimulizi inaweza kupitisha uongo wowote. Pingamizi hilo ni zito, na kwa kweli maneno ya Torero yamezidi. Dawa yake ni kuzima sauti kwa dakika kumi. Filamu dhaifu itakufa hapo hapo. Hii inabaki hai, kwa sababu miguu ya Procuna inayorudi nyuma inatosha. Hata Hollywood ilipoiteua kuwania Oscar, iliiweka katika kundi la filamu za hali halisi. Mwingine atasema sifa basi ni za waliopiga zile picha za habari. Lakini ni Velo aliyechagua tuwe tayari tunaogopa fahali anapotoka. Na alipopewa kila kitu mkononi, katika Pedro Páramo (1967), riwaya ya Juan Rulfo na kamera ya Gabriel Figueroa, alitoa picha nzuri zenye watu wakavu. Ufundi wake ulihitaji kitu cha kumkaidi. Ukipata nafasi ya kuona moja tu, tazama Torero, na uitazame mara mbili: mara ya pili bila sauti.