Mwindaji Aliyekosekana: Kuisoma Tawasifu ya Tippu Tip kutoka Dilolo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuihakiki tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, kwa kuuliza swali moja: ni nani aliyemuua tembo? Kazi hiyo, iliyochapishwa na Heinrich Brode kwa hati za Kirumi mwaka 1902 na 1903, kwa kawaida husomwa kama habari za safari, biashara na vita. Usomaji huo si wa makosa, ila una upungufu. Pembe zimetajwa tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali aliyezipata porini haonekani. Upungufu huo hudhihirika zaidi kazi hiyo inaposomwa Dilolo, magharibi ya Kolwezi, mpakani na Angola, ambako masimulizi ya Walunda na Wachokwe yanamweka mwindaji kwenye chanzo cha utawala wenyewe.

2.0 Pembe bila mwindaji

Msimulizi wa tawasifu hii anasema kwa nafsi ya kwanza, na macho yake ni ya mfanyabiashara. Katika vita vyake na Nsama mwaka 1867, pembe ni akiba ya mtawala aliyeshindwa. Katika Utetera, ambako alipokewa na Kasongo Rushie baada ya kudai undugu kupitia kwa bibi yake, pembe ni haki ya mtawala mpya. Zikishafika mikononi mwake, hupimwa kwa frasila, yaani ratili 35 hivi. Kipimo hicho hakikumbuki mtego, wala mkuki, wala siku za kufuata nyayo.

Hata hivyo, matini yenyewe imeacha ufa. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati palikuwa na desturi kwamba pembe iliyogusa ardhi tembo alipoanguka ni ya mwenye nchi, na ya pili ni ya mwindaji. Basi kila panapotajwa haki ya mtawala, nyuma yake yupo mwindaji aliyeitimiza haki hiyo na kubaki na fungu lake. Msimulizi hakuwa na haja ya kumtaja, mhakiki anayo.

3.0 Mwindaji aliye mwanzilishi

Katika masimulizi ya Walunda, yaliyoandikwa na Mreno Henrique Dias de Carvalho na kuchapishwa mwaka 1890, Chibinda Ilunga, mwana wa ukoo wa kitawala wa Waluba, anafika kwa Ruwej akiwa mwindaji. Ruwej anaolewa naye na kumkabidhi lukano, bangili ya utawala; ndugu zake Ruwej wanakasirika na kuhama. Uwindaji hapa umebeba dhamira ya kisiasa: mgeni anakubaliwa kwa sababu ya ustadi wake na nyama anayoigawa, lakini kukubaliwa kwake kunavunja ukoo.

Wachokwe waliupokea mhusika huyo na kumvika mavazi ya zama zao. Baadhi ya sanamu walizomchonga katika karne ya 19 zinamwonyesha ameshika bunduki, silaha isiyokuwa ya enzi inayosimuliwa. Tusiseme mchongaji amekosea. Yeye alikuwa akiona wawinda tembo wa wakati wake wakiingia nchi ya Walunda na magobori, baada ya Wareno kuondoa uhodhi wa serikali juu ya pembe katika miaka ya 1830. Upande wa mashariki mambo hayakuwa tofauti sana: jina la Wayeke wa Msiri, waliotawala kutoka Bunkeya, linahusishwa na chama cha wawinda tembo wa Unyamwezini.

Yafaa tujihadhari na sifa zilizopita kiasi. Bunduki iliyomwangusha tembo iliteka na watu. Katika miaka ya 1880 Wachokwe waliuvamia mji mkuu wa Mwata Yamvo. Mwindaji mwanzilishi na mwindaji mtekaji ni mhusika mmoja.

4.0 Mfano wa Marekani

Fasihi ya Marekani ilikwenda kinyume. Katika riwaya tano za James Fenimore Cooper, zilizotoka kati ya 1823 na 1841, mwindaji wa mpakani ndiye shujaa. Zama hizo hizo watega biva wa milima ya Rocky walikusanyika kila mwaka, kuanzia 1825 hadi 1840, kuuza ngozi kwa makampuni yaliyowauzia vifaa kwa bei ya juu. Shujaa akisimama mbele, kampuni hujificha nyuma yake. Katika tawasifu yetu kampuni ndiyo inayosimulia, na mwindaji ndiye aliyejificha. Kwa njia zote mbili msomaji ananyimwa nusu ya habari.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba ukimya wa matini nao ni sehemu ya maudhui yake. Tunapendekeza tawasifu ya Tippu Tip ifundishwe pamoja na simulizi ya Chibinda, na wanafunzi wanaotoka Dilolo, Kasaji na Kolwezi wahimizwe kukusanya masimulizi ya uwindaji kwa wazee wao, kisha kuyaandika kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa huko akifundishwa historia ya pembe kwa frasila peke yake, atadhani babu zake walikuwa wapagazi tu au mateka. Wengi walikuwa hivyo kweli. Wengine walikuwa wenye pembe ya pili.